Bwana Ngoja Nisome na Mashine Tatu za Ukoo Mmoja

Fundi wa kompyuta wa ofisi ya vizazi na vifo hakuufuta mji. Hilo liandikwe kwanza, kwa sababu limesemwa kinyume chake mara nyingi, na mara ya mwisho limesemwa msibani kwake mwenyewe, na watu waliokuwa wameshika vikombe vya chai alivyovinunua yeye. Imesemwa pia kwamba alikuwa akizungumza na mashine peke yake, mlango umefungwa, kama mtu aliyepagawa. Hakuwa akizungumza. Alikuwa akisoma kwa sauti, na aliyekaa darasani vya kutosha anaijua tofauti. La tatu ni kwamba alizipa mashine za ofisi majina ya ndugu zake ili kuwadhihaki. Hilo lina ukweli ndani yake, basi litaelezwa lilivyo, si lilivyopikwa.

Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kufunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni hata jua likiwa kali. Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi katika chumba cha mwisho wa ukumbi, ambacho zamani kiliwekwa mafagio. Dirisha lake lilitazamana na ukuta, na ukuta ulikuwa umeandikwa "Usiegeshe baiskeli hapa", na baiskeli zilikuwa hapo. Ndani mlikuwa na meza moja, kiti kimoja, na mashine tatu juu ya rafu ya chuma zilizokuwa zikivuma mchana kutwa.

Ofisi nzima ilimwita Ngoja Nisome. Jina hilo halikuzuka bure. Mtu huyu hakupata hata siku moja kupiga amri kwenye mashine kabla ya kufungua maelekezo yaliyomo ndani ya mashine hiyohiyo na kuyasoma tangu kichwa hadi mkia. Hata amri aliyoipiga jana. Hata ile aliyoipiga kabla ya kwenda kunywa chai. Na alisoma mpaka sehemu ya mwisho kabisa, ile inayotaja kasoro, kwa maana waandishi wa mifumo hiyo wana desturi ya kueleza chini ya ukurasa kasoro za kazi yao wenyewe. Jambo hilo lilimfurahisha sana mkewe, ambaye alikuwa mwalimu, na ambaye katika kusahihisha maelfu ya barua za kuomba kazi hakuwahi kukutana na hata moja yenye sehemu ya namna hiyo.

"Fundi, mashine imeganda!" karani wa dirishani alikuwa akimwita kutoka mlangoni. Alikuwa mama mwenye sauti ya kumfikia mtu wa mwisho kwenye foleni. "Watu wamejaa huku kama siafu."

"Ngoja nisome."

"Usome nini tena? Si ulisoma jana?"

"Jana nilisoma ya Mkubwa. Leo anayeumwa ni Mdogo."

"Haya, mwuguze. Mimi huku naenda kutukanwa."

Sasa kuhusu hayo majina. Mashine zile tatu ziliendeshwa na mifumo mitatu ya ukoo mmoja: FreeBSD, OpenBSD na NetBSD. Yote mitatu ina asili moja, mfumo mmoja wa zamani uliolelewa chuo kikuu, kisha ikatawanyika kila mmoja na njia yake. Ukiitazama usoni, imefanana: amri nyingi ni zilezile, mafaili mengi yamekaa palepale. Ukikaa nayo nyumba moja ndipo unapojua kila mmoja ana tabia yake.

Fundi naye alikuwa mtoto wa pili kati ya ndugu watatu wa kiume. Mashine ya FreeBSD, iliyobeba mafaili yote ya ofisi bila kulalamika, aliiita Mkubwa, kwa sababu kaka yake mkubwa alikuwa mtu wa kazi nzito, wa kutwishwa mizigo ya ukoo mzima na kuuliza kama kuna mwingine. Ya OpenBSD, iliyokaa langoni na kumshuku kila anayebisha hodi, aliiita Wa Kati. Huyo ni yeye mwenyewe. Mtu huyu alikuwa akifunga mlango wa nyumbani, akarudi kuusukuma, akafika kwenye ngazi, akarudi tena. Kwa hiyo kama pana aliyedhihakiwa, alijianza mwenyewe, na wanaolia kwamba walitukanwa walikuwa wa pili na wa tatu kwenye foleni.

Ya NetBSD aliiita Mdogo. Mfumo huo sifa yake ni kukubali kukaa popote: mashine mpya, mashine kongwe, kopo lolote lenye umeme. Huyu ndiye aliyetunza rejesta ya vizazi na vifo, ndani ya kompyuta ya kizamani iliyokuwa imetupwa na idara nyingine. Na mdogo wake fundi alikuwa hivyohivyo. Alikuwa ameishi miji saba na kufanya kazi tisa, na kila alikokwenda, siku ya tatu alikuwa ameshajua nani anapika vizuri. Hiyo ilikuwa sifa. Aliyeisikia kama tusi aulize moyo wake.

Liko jambo moja zaidi ambalo halina budi kuelezwa. Baba yao aliwaachia ramani ya nyumba, imekunjwa ndani ya bomba la bati, na kila mmoja alijenga nyumba yake kwa ramani hiyo. Lakini kiwanja cha mdogo kilitazama upande mwingine, akaigeuza. Ukiingia nyumba ya fundi ukahesabu milango, wa nne ni wa stoo ya makorokoro. Ukihesabu vilevile kwa mdogo wake, mlango wa nne ni wa ukumbi unaoingia nyumba nzima. Watoto wa ndugu hao walikuwa wakipotea kila walipotembeleana. Fundi alicheka, akamwambia mkewe, "Mwalimu, hii ni diski kabisa." Akamweleza. Diski hugawanywa vyumba, na kila chumba hupewa herufi. Kwenye OpenBSD aliyoiweka yeye, chumba d kilikuwa cha vitu vya muda, takataka za kupita. Kwenye NetBSD, katika kompyuta za kawaida kama ile ya rejesta, herufi d haitaji chumba. Inataja diski nzima.

Mkewe alielewa mara moja. Anaeleza hivyo kwa sababu baadaye kamati ya watu watano ilidai jambo hili haliwezi kueleweka.

Mwaka wa ishirini na tatu wa kazi yake, mdogo mtu alirudi mjini. Alirudi na cheti ndani ya fremu, na kadi za kugawa zilizomtaja kuwa Mtaalamu, Mshauri na Mkufunzi. Kazi hakuwa nayo. Fundi hakutaka kumpeleka ofisini kwake. Alisema, "Ni ndugu yangu, nampenda, lakini hasomi." Mkewe ndiye aliyemsukuma. Alimwambia, "Ni mdogo wako. Akikaa kibarazani mwaka mzima na kaka yake ni fundi wa serikali, watu watasema nini?" Maneno hayo yameandikwa hapa kama yalivyotamkwa.

Basi Mtaalamu akaajiriwa kuwa msaidizi. Alipendwa upesi, maana alikuwa mcheshi na hakusema ngoja. Siku ya kwanza fundi alimpa daftari na kumwambia alisome lote. Mtaalamu alilipiga picha kwa simu, kurasa za katikati, zile zenye amri, akalirudisha kabla ya saa sita.

"Umeshalisoma?"

"Liko hapa, kaka," akapigapiga mfuko wa suruali.

Miezi minne baadaye mkewe fundi alitakiwa kupasuliwa jicho. Fundi akaomba likizo ya siku tano, ya kwanza katika miaka sita. Mkuu wa ofisi aliitia sahihi huku akisema, "Nenda bila wasiwasi. Sasa tuna mtaalamu."

Siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Mdogo alilalamika kuwa nafasi imejaa. Karani wa dirishani aliyashuhudia yaliyofuata, maana ndiye aliyekwenda kuita, na hakuondoka mlangoni. Alimsimulia mkewe fundi neno kwa neno.

Mtaalamu alitoa simu, akaipekua picha mpaka akafika palipoandikwa: "Akilalamika kuwa nafasi ya muda imejaa, toa chumba d, kifute, kiandae upya."

Karani akasema, "Kaka yako huwa anasoma kwanza."

"Nasoma, mama. Hii hapa."

"Huwa anasoma humo ndani ya mashine."

"Mama yangu, hizi zote ni BSD. Ukoo mmoja. Ukimjua mmoja umewajua wote. Kaka anasoma kwa sababu hajiamini."

Akapiga amri. Mashine ikakataa. Ikamwambia, kwa adabu iliyozoeleka katika ukoo ule, kwamba sehemu aliyoitaja si ya aina inayoandaliwa hivyo. Mtu mwingine angetulia hapo. Mtaalamu alicheka, akasema, "Vizee hivi vinapenda kubembelezwa," akaongeza ile alama ya kulazimisha. Mashine ikatii.

Saa nne na nusu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyezaliwa mjini.

Pale dirishani alikuwepo mzee aliyekuja kuchukua uthibitisho kwamba yu hai. Karani alitafuta jina lake mara tatu.

"Mzee, hatukuoni."

"Hamnioni vipi, nami nimesimama mbele yako na fimbo?"

"Kwenye mashine, mzee. Jina lako halimo."

"Basi niandikieni cheti cha kifo, nikapumzike na safari zenu hizi."

"Haiwezekani. Ili ufe, lazima uwe umezaliwa."

"Mwanangu," mzee akasema, "mke wangu atafurahi kusikia hivyo. Miaka hamsini anauliza kwa nini nilizaliwa."

Foleni ikacheka, lakini kicheko hakikudumu. Nyuma yake alikuwepo baba mwenye kichanga cha siku tisa, na bibi arusi mtarajiwa ambaye hakuwepo, na mrithi wa marehemu ambaye hakufa.

Fundi aliitwa kutoka hospitalini. Alikuja na kibandiko cha mgeni wa wodi bado kifuani. Mkuu wa ofisi alimpokea ukumbini akitokwa jasho.

"Rudisha watu!"

"Ngoja nisome."

"Mji mzima haujazaliwa, wewe unasoma?"

"Ulifutwa na aliyekuwa na haraka, mkuu."

Akasoma. Kisha akafanya ile kazi ambayo wasemaji hawaitaji. Kila Ijumaa saa tisa, kwa miaka yote ile, alikuwa akipeleka nakala ya rejesta kutoka kwa Mdogo kwenda kwa Mkubwa. Hakuna aliyemwagiza, na hakuna aliyejua. Alikwenda stoo, akatoa kompyuta kuukuu iliyotoka shule ya msingi, yenye jina la mwanafunzi limechorwa ubavuni kwa msumari. Akamweka Mdogo humo, na Mdogo, kama kawaida yake, akakaa. Nakala ikarudishwa kutoka kwa Mkubwa. Vizazi arobaini na kimoja na vifo kumi na saba, vya tangu Ijumaa ile, vilichapwa upya kutoka kwenye vitabu vya karatasi, karani akisoma na fundi akichapa. Kufikia Jumamosi adhuhuri mji ulikuwa umezaliwa tena, na waliostahili kufa wamekufa.

Mtu wa kawaida angedhani hapo atapewa mkono wa asante. Akapewa kamati.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa ofisa wa bustani na makaburi, aliyeteuliwa kwa sababu, ilielezwa, idara yake inahusiana na vifo. Wajumbe wanne walikaa ubavuni mwake, kila mmoja na chupa ya maji. Mtaalamu alikaa ukutani, akitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vipya. Kilichotafutwa kilikuwa kitu kimoja tu, jina la kuandika kwenye nafasi iliyoachwa wazi baada ya maneno "kosa limetokana na". Fundi alilijua hilo tangu alipoingia. Kwenye begi alilolipakata lilikuwamo daftari lenyewe, na begi lilikuwa halijafungwa.

"Kwanza," mwenyekiti akasema, "kwa nini ofisi ina mifumo mitatu ya ndugu? Kwa nini usiwe mmoja?"

"Kila mmoja ana kazi anayoiweza zaidi, mwenyekiti."

"Lakini ni kitu kilekile."

"Ni ukoo uleule. Si kitu kilekile."

"Mtaalamu ametueleza kuwa ni kitu kilekile." Mwenyekiti akasukuma mezani karatasi zilizochapwa kutoka kwenye picha za simu. "Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Hapa umeandika chumba d kifutwe."

"Nimeandika."

"Na kilifutwa. Na ndicho kilicholeta maafa. Sasa wewe unaona kosa ni la nani?"

Jalada la daftari lile lilikuwa gumu, la bluu, na juu yake fundi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi za ukubwa wa dole gumba: NI YA WA KATI TU. UKIWA KWA MDOGO USITHUBUTU. Jalada hilo halikuwamo kwenye picha. Lilikuwa pale, shibiri moja kutoka mkononi mwake. Alitia mkono begini, akaligusa. Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake hakuinua macho.

"Mwenyekiti," fundi akasema, "naomba twende sote chumbani, tufungue maelekezo ya mashine ile, tuyasome pamoja. Hayatachukua dakika kumi."

"Kamati haikuja hapa kusoma," mwenyekiti akajibu, na katibu akaliandika hilo. Lipo kwenye kumbukumbu za kikao mpaka leo.

Fundi akatoa mkono, akafunga zipu ya begi.

Ripoti ilikuwa na kurasa thelathini na mbili, picha ya kamati ikiwa kwenye ukurasa wa kwanza. Ilisema kosa limetokana na fundi kuandika maelekezo yasiyojitosheleza. Akapewa onyo la maandishi. Alilisoma lote, akauliza swali moja kuhusu koma, akatia sahihi. Mtaalamu alisifiwa kwa "uthubutu", na baada ya mwaka alifanywa msimamizi wa mifumo.

Siku hiyo ya onyo, fundi alifika nyumbani saa kumi, akamkuta mkewe sebuleni na jicho moja limefunikwa. Akamweleza yote, mpaka zipu.

"Kwa nini hukulitoa daftari?"

"Ningelitoa wangeuliza ni nani aliyepiga picha kurasa akaacha jalada."

"Si wangemjua?"

"Wangemjua. Wangemfukuza. Angerudi kukaa kibarazani." Akafungua vifungo vya viatu taratibu. "Na wewe, Mwalimu, uliniuliza watu watasema nini."

Mkewe ni mtu aliyewahi kuwajibu wakaguzi wa elimu wawili kwa mpigo. Siku hiyo alikwenda kuchemsha chai.

Alifanya kazi miaka mitatu zaidi, akisoma kwanza kama zamani. Alistaafu na saa ya ukutani, ambayo ilichelewa. Kila mara katika miaka hiyo alipoulizwa kuhusu siku ile, alijibu kwamba mashine ilikuwa kongwe. Hakumtaja ndugu yake mbele ya mtu. Mwaka jana akafariki baada ya kuugua wiki mbili, na cheti chake cha kifo kilitolewa na rejesta ileile aliyoirudisha, saa moja tu baada ya kuombwa. Karani wa dirishani alikileta mwenyewe nyumbani, na siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo.

Yote hayo yangebaki begini. Lakini siku ya tatu ya msiba, wanaume wakiwa wamejaa sebuleni, shemeji, yule Mtaalamu, alisimama kutoa shukrani za familia. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Kisha akataka kuwachangamsha waombolezaji.

"Kaka alikuwa mtu mwema," akasema, "mpole, mtu wa kusoma. Ila ile siku aliyoufuta mji mzima..." Akacheka, na wengine wakacheka naye, na kaka mkubwa akainamisha kichwa.

Mkewe marehemu alikuwa mlangoni. Hakulia na hakupaza sauti. Aliingia chumbani, akafungua begi kwa mara ya kwanza tangu siku ya kamati, akarudi na daftari la bluu. Alipita katikati ya wanaume wale, wakampisha, akaliweka mikononi mwa shemeji, jalada likiwa juu.

"Shemeji," akamwambia, "tusomee."

Shemeji alilitazama. Akajipapasa mfuko wa shati, kisha wa koti, akitafuta miwani.

"Ngoja nisome, shemeji," akasema.

Hakuna aliyecheka. Alivaa miwani, akalisoma lile jalada kwa sauti, maneno yote tisa, na sebule nzima ikamsikia.

Aliyoyasema baada ya hapo, na aliyojibiwa na kaka yake mkubwa, yalisemwa ndani ya nyumba mbele ya watu wa nyumba. Daftari liko kabatini na ufunguo anao mkewe marehemu, ndiye aliyeandika haya. Hana la kuongeza, na asibishiwe hodi kwa ajili hiyo.